Kesi ya Kipigo cha Ndoa Hufia Njiani: Nani Atembee na Mwanamke Huyu?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya mwaka 1971, na kifungu chake cha 66 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Mabinti walioolewa mwaka huo leo ni mabibi wenye wajukuu waliokwisha kuolewa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulipowauliza Watanzania wenye miaka 15 hadi 49 kama kuna sababu ya mume kumpiga mkewe, asilimia 58 ya wanawake walikubali walau sababu moja kati ya tano walizotajiwa: kaunguza chakula, kabishana naye, katoka bila kuaga, hakuangalia watoto, kamnyima unyumba. Kwa wanaume waliokubali ni asilimia 40. Katika utafiti wa 2022, wanawake 27 kati ya kila 100 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofikisha miaka 15.

Naanza na takwimu hizi kwa sababu zinaonyesha anaondokea wapi mwanamke anayetafuta msaada. Sheria anayo. Dawati la jinsia polisi lipo, daktari yupo, hakimu yupo. Lakini watu wanaomzunguka, mama yake na dada zake wakiwemo, wengi wanaamini huenda kuna alichokosea. Ndiyo maana kesi nyingi za kipigo hazishindwi mahakamani. Zinafia njiani, kabla faili halijamfikia hakimu. Hapa nataka kuifungua njia hiyo ilivyo, nionyeshe inapokatikia, na kwa nini mtu anayeweza kuiunga mara nyingi ni jirani aliyeandaliwa kuliko ofisa yeyote wa serikali.

Mashauri mawili yanayofanywa kuwa moja

Tuanze na fundo linaloumiza wengi. Mwanamke amepigwa usiku, asubuhi anaenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, anaambiwa: "Hili ni suala la ndoa, nenda baraza la usuluhishi kwanza." Akifika baraza, anaambiwa amlete mume. Mume haji. Anaambiwa arudi wiki ijayo. Uvimbe unaisha, alama zinafutika, na polisi wakija kuulizwa baadaye wanauliza, sasa ushahidi uko wapi?

Ukweli ni kwamba kuna mashauri mawili, na kila moja lina njia yake. La kwanza ni jinai. Kumpiga mtu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, awe mkeo au mpita njia, na akiumia au akipata madhara makubwa adhabu inapanda. Shauri hili linaendeshwa na Jamhuri, yaani serikali. Mwanamke ni shahidi, na hahitaji ruhusa ya baraza, ya mchungaji, ya shehe wala ya mjomba kwenda kituo cha polisi. Jirani pia anaweza kwenda kutoa taarifa.

La pili ni shauri la ndoa yenyewe: kutengana, talaka, matunzo, watoto, mali. Huku ndiko baraza lilikopewa kazi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufungua shauri la talaka, liwe la kata au la kidini kama lile la BAKWATA au la kanisa, na baraza likishindwa kupatanisha linatoa hati ambayo inaambatanishwa na maombi mahakamani. Hati hiyo isizidi miezi 6 tangu itolewe, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Pia kifungu hichohicho kina milango ya kutokea: mume akiitwa na baraza akakataa kufika, au mahakama ikiridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya usuluhishi usiwezekane, mwanamke anaweza kuendelea bila kupatanishwa. Mume aliyemtishia mkewe kwa panga, kwa mtazamo wangu, ni mfano mzuri wa mazingira hayo, na msaidizi wa kisheria anayejua kazi yake atalisema hilo mapema.

Baraza halina mamlaka ya kusamehe kosa la jinai. Likimkalisha mwanamke mwenye jicho lililovimba meza moja na aliyemvimbisha, kisha likamtaka kila mmoja aseme makosa yake, linafanya kazi ambayo halikupewa. Wajumbe wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa, wakiamini wanaokoa nyumba. Lakini mwanamke hawezi kusema ukweli mbele ya mtu atakayerudi naye nyumbani jioni ileile. Anasema kidogo, anakubali yaishe, na anayempiga anajifunza kwamba hata baraza limeona ni jambo la kawaida.

PF3, Dawati, na saa 72

Polisi walianza kuanzisha Madawati ya Jinsia na Watoto mwaka 2008, na sasa yapo zaidi ya 400 nchini. Dawati zuri lina chumba chake, mbali na kaunta ambako kila mtu anasikia, na lina askari waliofundishwa kuhoji bila kulaumu. Pale ndipo anapopewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu ambayo daktari huijaza kueleza majeraha na ambayo baadaye huwa sehemu ya ushahidi. Fomu hiyo hailipiwi.

Utaratibu ni kwamba fomu isicheleweshe matibabu. Anayevuja damu, aliyekabwa koo, mjamzito aliyepigwa tumboni, hao waende hospitali kwanza, na PF3 ifuatwe wakati wakihudumiwa. Kama kuna kulazimishwa tendo la ndoa, muda unakuwa mkali zaidi: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, dawa za dharura za kuzuia mimba zinatumika ndani ya saa 120. Asioge kabla ya kupimwa kama anaweza kuvumilia, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye mfuko wa plastiki zinapata unyevu na ushahidi unaharibika.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 haikutambua ubakaji ndani ya ndoa isipokuwa pale wanandoa wanapokuwa wametengana. Mwanamke anayelazimishwa na mume anayelala naye nyumba moja bado ana haki ya matibabu yote hayo, na majeraha yake bado ni shambulio. Lakini kosa lenyewe sheria hailiiti kwa jina lake.

Hospitali kadhaa zina vituo vya huduma za pamoja, ambako polisi, daktari, ofisa ustawi wa jamii na ushauri nasaha vinapatikana sehemu moja. Zanzibar walitangulia na kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, 2011. Dar es Salaam kikafuata cha Amana. Faida yake ni rahisi kuiona: mwanamke anasimulia mara moja badala ya mara nne. Kila anapolazimika kurudia hadithi yake kwa mtu mpya, mbele ya watu wapya, uwezekano wa kughairi unaongezeka. Pasipo kituo kama hicho, na sehemu nyingi hakipo, ni lazima awepo mtu anayebeba maelezo kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Jioni ya siku aliyoshitaki

Makosa mengi ya aina hii yana dhamana, na dhamana ni haki ya mtuhumiwa. Tatizo ni kwamba mume anaweza kutoka kituoni jioni ileile na kurudi kwenye nyumba ileile alimo mlalamikaji. Kenya ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015, inayomwezesha mtu kuomba amri ya ulinzi mahakamani hata kama hana kesi ya talaka. Tanzania haina sheria moja mahsusi ya namna hiyo, na wanaharakati wameidai kwa miaka mingi. Sheria ya Ndoa inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu asimsumbue mwenzi wake, lakini ni pale ambapo shauri la ndoa limeshafunguliwa. Katika jinai, mahakama inaweza kuweka masharti ya dhamana, ikiwemo kumkataza mshitakiwa asifike mahali fulani. Sharti hilo mara nyingi haliwekwi kwa sababu hakuna aliyeliomba. Msindikizaji mzuri, yule anayetembea na mwanamke huyu ofisi hadi ofisi, ndiye anayemkumbusha mwendesha mashtaka aliombe.

Kipindi hiki, kati ya kushitaki na kesi kuanza, au kati ya kutamka "naondoka" na kuondoka kweli, ndicho cha hatari kuliko vyote. Wanaouliza "kwa nini asiondoke tu?" hawajui kwamba wanawake wengi huuawa wakiwa wanaondoka au wameshaondoka. Iten, Kenya, mwanariadha Agnes Tirop, mshindi wa medali ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya 2017 na 2019, aliuawa kwa kuchomwa kisu Oktoba 2021. Alikuwa na jina, fedha na rekodi ya dunia ya mbio za barabarani za kilomita 10 za wanawake pekee aliyoiweka mwezi mmoja kabla. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels, kundi linalowasaidia wanariadha na wanawake wengine wanaopitia ukatili, kwa sababu walitambua kwamba wengi wao walikuwa wameona dalili na hakuna aliyejua azipeleke wapi.

Dalili zipo, na kila mjumbe wa mtaa angepaswa kuzijua kwa moyo. Mojawapo haipewi uzito unaostahili: kukabwa koo. Mara nyingi hakuachi alama, na mwanamke mwenyewe husema "alinikaba tu kidogo." Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba uwezekano wa mwanamke kuuawa na mwenzi wake aliyewahi kumkaba ulikuwa zaidi ya mara saba ukilinganisha na ambaye hakuwahi kukabwa. Nyingine ni kutishiwa kwa silaha, vipigo vinavyozidi ukali, kipigo wakati wa ujauzito, kufuatwafuatwa baada ya kutengana, na mwanaume anayesema akimkosa yeye hakuna mwingine atakayempata. Ukisikia hizo, mazungumzo ya kupatanisha yaachwe. Kinachotakiwa ni mahali pa kulala usiku huo.

Msindikizaji anafanya nini

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ilitambua rasmi wasaidizi wa kisheria, watu wa kawaida waliopata mafunzo na wanaofanya kazi vijijini na mitaani. Nyuma yao kuna kazi ya miaka mingi ya TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, ya TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na ya Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Lakini si lazima uwe msaidizi wa kisheria ili umsindikize mtu. Nimewaona akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wakiifanya kazi hii vizuri kuliko wenye vyeti, kwa sababu tayari wanaaminiana na wanajua nani ana nini nyumbani.

Kazi yenyewe huanza kwa kusikiliza bila kuuliza "ulimfanya nini?" Swali hilo moja linaweza kumfunga mdomo mtu kwa miaka mitano mingine. Kisha linafuata jambo gumu zaidi kwa watu wetu tunaopenda kutoa ushauri: kutomwamulia. Usimlazimishe kurudi, na usimlazimishe kuondoka. Yeye ndiye anayeijua hasira ya mtu yule, anajua siku za mshahara na siku za pombe. Ukimsukuma aondoke kabla hajajipanga, unaweza kumwongezea hatari. Na ukimkasirikia kwa kurudi, safari ijayo hatakuja kwako. Wengi huondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja. Mlango wako ubaki wazi mara zote hizo.

Halafu kuna mambo ya mikono. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, nakala ya hati ya kiwanja: vyote vinaweza kukaa kwa mtu anayeaminika, au vikapigwa picha na kuhifadhiwa kwenye simu ambayo mume haishiki. Akiba ndogo ya nauli iwekwe kwa mweka hazina wa kikundi na si ndani ya godoro. Majirani wawili au watatu wakubaliane ishara, na wakisikia, wagonge mlango kwa sababu yoyote ile: kuomba chumvi, kuuliza kama maji yametoka. Kugonga tu kunaweza kumfanya anayepiga aache. Tarehe, saa, kilichotokea na nani alisikia viandikwe kwenye daftari, maana kesi ikifika mahakamani miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka ilikuwa Jumanne au Alhamisi. Na jirani aliyesikia akubali kuwa shahidi. Hapa ndipo wengi wetu tunaponywea. Tunahurumia sana, tunaleta uji, lakini tukiitwa kutoa maelezo tunasema hatukuwepo. Methali yetu isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime imetumika kuwafundisha vizazi vya majirani kuondoka eneo la tukio.

Siri nayo ni sehemu ya kazi. Picha za majeraha hazipelekwi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata kwa lengo la kumtetea. Jina la mahali alikohifadhiwa halitajwi kwa shangazi yeyote. Nyumba salama ni chache, na ikijulikana ilipo haiwi salama tena.

Analoogopa kupoteza

Ukikaa naye kwa muda, baada ya vipigo kusimuliwa, hofu inayobaki ni hii: nikitoka nitakuwa mtupu, na watoto nitawaacha. Familia ya mume humwambia hivyo, na mara nyingi ya kwake pia, hasa kama mahari ilishaliwa na hakuna anayetaka kusikia habari ya kuirudisha. Mengi anayoambiwa si kweli kisheria.

Nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wakati ndoa ipo. Ni kifungu cha 59. Mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja inagawanywa talaka inapotolewa, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani na kulea zinahesabiwa kuwa mchango. Kabla ya hapo mwanamke aliyepika, akafua na kulea kwa miaka 20 angeweza kuambiwa hakuchangia kitu. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana na watu kuwa mke na mume wanachukuliwa kuwa wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo na nafuu nyingine. Kwa hiyo yule anayeambiwa "hukuolewa wewe, ulihamia tu" ana pa kuanzia. Kuhusu watoto, mahakama inaangalia ustawi wao kwanza, na mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni vema akae na mama isipokuwa kuwe na sababu ya kinyume.

Mashauri haya yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila wakili. Kwa Dar es Salaam kipo Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mashauri ya ndoa na mirathi tangu 2021. Akiyajua haya kabla hajaamua, anaamua akiwa na akili iliyotulia zaidi. Wapo wanaobaki baada ya kuyajua, na hao nao waheshimiwe.

Mtaa mzima ukibadilika

Kumsaidia mmoja mmoja kunachosha wasaidizi kama majirani wengine wote wanaendelea kusema mwanamke ni kuvumilia. Ndipo ilipotoka mbinu ya SASA!, iliyobuniwa na shirika la Raising Voices la Kampala. Badala ya semina za siku moja, watu wa mtaa wenyewe, fundi seremala, muuza mkaa, askari, nesi, huzungumza na wenzao kwa miaka kuhusu nani ana nguvu juu ya nani na anaitumiaje. Kati ya 2007 na 2012 ilipimwa katika maeneo manane ya Rubaga na Makindye, jijini Kampala. Watafiti walikadiria kwamba kipigo kwa wanawake kutoka kwa wenzi wao kilikuwa chini kwa asilimia 52 katika maeneo yaliyoshiriki kuliko yasiyoshiriki, ingawa kwa maeneo machache kiasi hicho makadirio hayo si ya kushika kwa uzito wa mwisho. Kwangu matokeo yenye uzito ni mengine ya utafiti huohuo: wanawake waliopigwa katika maeneo yale walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata msaada unaofaa kutoka kwa jamii. Mwanza, shirika la Kivulini limefanya kazi ya kujenga majirani wa namna hiyo tangu 1999.

Serikali ya Tanzania nayo ina mpango wake wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, na chini yake zinatakiwa kuwepo Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto kutoka taifa hadi kijiji na mtaa. Kwenye karatasi, kamati hiyo ndiyo inayounganisha ofisa ustawi wa jamii, polisi, mwalimu, mhudumu wa afya na viongozi wa dini. Ilipo hai, msindikizaji hafanyi kazi peke yake. Anajua ampigie nani saa tano usiku. Ilipolala, hata wajumbe wake hawajui kwamba ni wajumbe.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukutana kila baada ya miezi 3, na mkazi yeyote mtu mzima ana haki ya kuuliza pale. Yaulizwe majina ya wajumbe wa kamati hiyo. Yaulizwe ni lini walikaa mara ya mwisho, namba ya Dawati la karibu ni ipi, usafiri wa usiku unalipwa na fungu gani, na mwanamke mwenye watoto watatu akitoka nyumbani usiku wa leo atalala wapi. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uanze kwa kuyasoma.